Kimeo Kila Mtu Anacho

Kiwalani, Alhamisi, masika ya 1994

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na hadi sasa haijaamua kuacha. Uani maji yamesimama. Matofali tuliyoyapanga ili tupite yamezama, na ndani kila kitu kimeshika unyevu: mikeka, kanga, hata chumvi kwenye kikopo imekuwa uji. Viatu vyangu vya shule, ambavyo sijavivaa tangu nimalize kidato cha nne, nimevikuta chini ya kitanda vimeota ukungu wa kijani. Nimevifuta kwa kitambaa. Najua vitaota tena.

Leo nimesema maneno machache mbele ya watu, na baada ya hapo hadi alasiri hakuna mtu katika nyumba hii aliyenisemesha.

Mimi ambaye shuleni nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono.

Nianze na Mamdogo, maana yote ni juu yake. Mamdogo Hadija ni mdogo wake mama. Mama yuko Bunju na wadogo zangu. Mimi nililetwa huku kwa Bibi baada ya mtihani, kwa sababu Mamdogo alikuwa ameanza kuumwa na macho ya Bibi hayaoni vizuri tena. Matokeo yalipotoka na jina langu lisionekane, hakuna aliyesema nirudi. Nikabaki. Napika, nachota maji, namwosha Mamdogo.

Kabla ya kuumwa, Mamdogo alikuwa anauza mitumba sokoni Temeke. Wenziwe walimwita Spika. Alikuwa anapanda juu ya meza, kavaa koti zito la baridi la Ulaya katika jua la saa saba, na kuwatania wanaopita. "Shemeji, suruali hiyo imekuchoka, iache ipumzike." Au mtu akigeuza shati mara nyingi bila kununua, anamwambia, "Shati haliposwi, kaka, linanunuliwa." Watu wanacheka, na wakishacheka wananunua. Siku za likizo nilikuwa nakaa nyuma ya marobota nikikunja nguo, nikiona haya kwa niaba yake, na wakati huohuo nikitamani sauti yake ingekuwa yangu.

Mume wake alifariki mwaka juzi. Walisema kifua. Nilikuwa mdogo wa kutosha kuamini kwamba kifua ni jina la ugonjwa.

Sasa Mamdogo ananong'ona. Ilianza sauti kukwaruza, kisha chai ikawa inamchoma, kisha wali ukawa unasimama katikati ya kifua. Akahamia uji mwepesi uliopoa, na siku hizi hata uji anaumeza kama mtu anayemeza misumari, machozi yakimtoka bila kulia. Mikono yake imebaki mifupa. Juzi nilipomwinua ili nibadilishe shuka, nilimwinua kama ninavyoinua ndoo isiyo na maji.

Mimi ndiye ninayemsafisha kinywa, kwa kitambaa na maji ya chumvi. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Ulimi, mashavu kwa ndani, kaakaa, hadi nyuma kabisa ambapo macho hayafiki, kote kumefunikwa na kitu cheupe kama maziwa ya mgando. Ukikifuta, baadhi kinatoka, na chini yake nyama ni nyekundu na inachuruza damu.

Bibi alisema ni kimeo.

Alisema kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kimerefuka kwa ajili ya kelele za sokoni, sasa kinalala juu ya koo na kuziba njia ya chakula. Bibi alikatwa chake angali msichana, huko Kisarawe. Wanawe wote aliwakatisha, Mama yangu pia. Majirani nao wakakubali. Mama Salma wa nyumba ya pili, ambaye hakosi kuja asubuhi na kikombe chake cha chai, alisema mwanawe alikohoa hadi wakamkatia jeneza akilini, akakatwa kimeo, na leo anacheza mpira. Kila mtu ana mtu wake aliyekatwa akapona. Ikapangwa Mzee Mbonde aje Alhamisi. Yeye ni fundi wa vimeo anayejulikana kuanzia hapa hadi Buguruni.

Lakini nilikuwa nimekumbuka mdogo wangu wa mwisho, alipokuwa ananyonya. Kinywa chake kiliota weupe uleule, akawa analia akishika ziwa. Mama alimpeleka kliniki, wakampaka ile dawa ya zambarau, na siku chache baadaye akanyonya. Hakuna aliyemkata kimeo.

Basi juzi Jumanne nilimwambia Bibi naenda sokoni, nikaenda zahanati.

Nilikaa kwenye benchi na kuwaacha wote wanipite, hata waliokuja baada yangu, kwa sababu sikujua nitasemaje mbele yao. Foleni ilipokwisha nesi akaniuliza kama nimekuja kuangalia mvua. Nikanong'ona. Akaniambia nipaze sauti, yeye si malaika. Nikamweleza weupe, na damu, na uji. Akaacha kuandika. Aliuliza mgonjwa ni nani wangu, nikasema mama mdogo. Akauliza mume yuko wapi, nikasema alifariki. Akauliza kwa ugonjwa gani, nikasema kifua. Akainuka akafunga mlango.

Alinifundisha vizuri, kuliko nilivyofundishwa darasani. Alisema hao ni fangasi. "Tunao sote mdomoni, mie na wewe. Mwili wenye nguvu unawakalisha chini. Mwili ukiishiwa kinga, wanainuka." Alisema kwa mtoto mchanga ni kawaida, kwa sababu kinga yake haijakomaa. Kwa mtu mzima aliyekonda namna ile, na mume amekufa kifua, lazima tujiulize kinga yake imekwenda wapi. Hakulitaja jina la ugonjwa. Alinitazama mpaka akaona nimelitaja mwenyewe moyoni.

Nilipomwambia habari ya kimeo, alishika kichwa. Alisema kikikatwa hakitasaidia kumeza hata tone moja. Litabaki donda juu ya koo ambalo tayari ni bovu, na mtu mwenye mwili ule anaweza kutoka damu nyingi, na donda likaoza. Akanipa kichupa cha zambarau na kuniambia hiyo ni ya kinywani, imsaidie kidogo. Fangasi waliokwisha kushuka kooni wanataka vidonge na daktari, hospitali kubwa. Nisikawie. Mtu asiyemeza hafi kwa ugonjwa tu, hufa kwa njaa.

Nilirudi nimeficha kichupa kifuani. Bibi alikuwa anaswali. Nikamwonyesha Mamdogo.

Alikichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa.

"Umemtajia jina langu?"

Nikasema hapana.

"Hii naijua," akanong'ona. "Ashura, wa meza iliyotazamana na yangu, alipakwa hii. Midomo ikawa ya bluu kama kalamu. Wakawa wanamuuliza, shoga, zambarau umezipata wapi na si msimu wake? Wanacheka. Mwisho hakuna aliyenunua kwake hata soksi." Akapumzika, maana kusema kunamchosha. "Na mie nilicheka, Siwema. Mie ndiye niliyeanza."

Nikamwambia maneno yote ya nesi kuhusu damu na donda. Alisikiliza amefumba macho. Nilidhani nimemshinda. Akafumbua.

"Niache nikatwe kimeo, mwanangu. Kimeo kila mtu anacho."

Nilielewa hapohapo. Nilitamani nisielewe. Si kwamba Mamdogo alikuwa hajui. Alijua kabla yangu, pengine tangu mume wake alipokuwa kitandani. Alikuwa amechagua kisu kwa sababu kisu kina jina linaloweza kutajwa barazani. Mtu anakuja kukupa pole ya kimeo na uji wa mchele, anakaa kwenye mkeka wako, anakunywa maji ya mtungi wako. Hiyo nyingine haina pole.

Akaniambia niape sitasema. Niliapa. Kichupa nikakifukia ndani ya mfuko wa mchele.

Sasa leo.

Mzee Mbonde alikuja mvua ilipopungua, kanzu yake ameipandisha mkononi isiguse tope. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa upole, akaniuliza jina la baba yangu. Nilikuwa nimemtengeneza akilini mtu mwenye macho mekundu. Ni babu msafi, anayenukia sabuni. Aliomba maji yachemke, akatumbukiza kisu chake chembamba kilichopinda ncha. Bibi akamsifu, akasema zamani mafundi walipangusia kanga tu. Mzee Mbonde akasema siku hizi lazima uchemshe, dunia imeharibika. Hakuna aliyemuuliza imeharibika kwa nini. Mama Salma, aliyekuwa ameketi mlangoni na chai yake, alitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya dunia.

Mamdogo alikalishwa kwenye kigoda, mgongo ukutani, kanga shingoni kama mtoto anayenyolewa. Bibi alimshika kichwa. Mimi nikapewa tochi.

Hilo sikulitegemea. Nilidhani nitatumwa jikoni. Lakini macho ya Bibi hayaoni, Mama Salma alisema hawezi kuona damu, na kwa hali ya hewa ya leo ndani kulikuwa giza. Kwa hiyo mimi ndiye wa kumulika koo ili kisu kione.

Mamdogo alifungua kinywa. Mzee Mbonde akakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Nikamulika. Weupe ulikuwa umezidi kuliko jana, na kimeo chenyewe kilikuwa katikati, kidogo tu, cha kawaida, nacho kimevikwa weupe uleule. Mzee Mbonde akasema, "Mnauona uchafu huu? Kimeo kikirefuka kinatema uchafu." Alisema kwa uhakika kabisa. Hakuwa anadanganya. Nadhani hilo ndilo lililonitisha, kwamba katika chumba kile hakuna mtu mbaya.

Mamdogo alinitazama juu ya kijiko. Macho yake yalikuwa yananikumbusha kiapo.

Nikaizima tochi.

"Betri," akasema Mzee Mbonde.

"Betri mpya hizo," akasema Bibi. "Itikise."

Sikuitikisa. Kidole hakikurudi kwenye kitufe. Mzee Mbonde akaniambia taratibu, "Washa, mjukuu wangu, mama anaumia." Mate ya Mamdogo yalikuwa yanachuruzika kwenye kanga. Na mimi nikasikia sauti inasema, na ilikuwa ni yangu, na haikuwa ya kunong'ona.

"Si kimeo, Bibi. Ni fangasi. Nilimuuliza nesi. Wameshuka mpaka kooni kwa sababu mwili wake hauna kinga tena. Mkimkata, damu haitasimama."

Ndivyo nilivyosema. Nimejaribu kukumbuka kama ningeweza kusema kidogo zaidi. Ningeweza kuishia kwenye fangasi. Ningeweza kumvuta Bibi uani. Lakini kisu kilikuwa kimeshatoka majini, na mimi, nikishaanza kusema, sijui pa kuishia kwa sababu sina mazoea.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama Salma aliweka kikombe chini, chai ikiwa nusu, akakisukuma mbali kidogo na mguu wake. Akasema amekumbuka ameacha nguo nje. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Akaenda, na kikombe, ambacho ni chake mwenyewe, akakiacha.

Mzee Mbonde alikifuta kisu muda mrefu. Kisha akasema yeye hakati panapobishaniwa, akamwombea Mamdogo afya, akaondoka ameinua kanzu yake. Alipofika mlangoni aligeuka kunitazama. Sijui alitaka kusema nini.

Bibi ndiye aliyesema.

"Umemvua nguo mama yako mbele za watu."

Akaingia chumbani kwake. Mamdogo alijiburuta hadi kitandani, akageukia ukuta.

Nilikwenda bombani kuchota maji, maana hata siku kama hii maji lazima yachotwe. Wanawake walikuwa wanaongea, nikafika, wakanyamaza. Mmoja akanisalimia kwa sauti ya juu mno. Mama Salma aliisogeza ndoo yake. Labda alitaka kunipa nafasi. Nilichota, nikajitwika, na nikiwa nimewapa mgongo nikasikia mtu anasema, "Kumbe Spika kakanyaga miwaya," kama wanavyouita hapa mtaani ugonjwa usiotajwa. Mwingine akamnyamazisha. Maji yalinimwagikia usoni njia nzima na nilifurahi kuwa yapo.

Mchana nilikaa jikoni. Nilijaribu kujiona nimefanya vyema, kama nesi ambavyo angeniambia. Sikuweza. Halafu nikajaribu kujiona nimefanya vibaya, nikauona tena ule mpini wa kijiko na kisu kikisogea. Hata hilo sikuweza. Nilibaki katikati, nikichagua mchele ambao hakuna wa kuula.

Alasiri nikasikia mtu anagonga ukuta. Ndiyo namna ya Mamdogo ya kuita siku hizi.

Alikuwa ameketi. Alinitazama muda, nami nikatazama sakafu.

"Kiko wapi kichupa?"

Nikasema kipo kwenye mchele.

"Kalete. Washajua. Naficha nini tena, meno?"

Nilipiga magoti mbele yake, nikazungushia pamba kwenye kijiti. Nikampaka ulimi, mashavu, kaakaa, pole pole. Ilimwuma, akanishika bega, vidole vyake vikaingia nyamani. Hakunisukuma. Nilipomaliza aliomba kioo. Akajitazama, akatoa ulimi wote nje, wa bluu iliyokolea, akageuza uso kushoto na kulia kama alivyokuwa akijaribu kofia za Wazungu.

"Inanipendeza kuliko rangi ya mdomo," akanong'ona. Kisha akanirudishia kioo.

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata msiba wa mumewe. Alilia bila sauti, maana sauti hana, na mimi nikamfuta matone ya zambarau kidevuni. Nikamwambia anisamehe kwa kuvunja kiapo. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Uliongea kwa nguvu. Mpaka nikashtuka, nikadhani ni mie." Sijui kama huo ni msamaha. Nitaukubali ulivyo.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Hakunitazama. Alimwambia Mamdogo, "Muulize huyo daktari wako, hiyo dawa inafika kooni?"

Mamdogo akanigeukia kama mkalimani. Nikasema haifiki. Ya kooni ni vidonge, hospitali kubwa.

"Muulize, na akimeza hivyo vidonge, atakula?"

Nikasema nesi anasema mara nyingi koo hufunguka, mtu akala tena.

Bibi akasema basi kesho aende, na tutoke mapema kabla watu hawajaamka, tupite uchochoroni nyuma ya msikiti, Mamdogo ajifunike kanga hadi puani. Akaondoka, akarudi na maziwa yaliyopoa, akayaweka karibu na mkono wangu, si mkononi. Mamdogo alimeza vijiko vitatu hivi. Kila kijiko kilikuwa kazi.

Kuna jambo sijamwambia Mamdogo. Nesi alisema hata fangasi hawa wakiisha, wanaweza kurudi, na wengine wabaya zaidi wakaja nyuma yao, wa kichwani, wa mapafuni, kwa sababu mlango waliopitia uko wazi na hakuna dawa ya kuufunga. Alisema tunachoweza ni kumpunguzia maumivu na kumpa siku za kula. Nilitaka kumwambia Mamdogo nilipokuwa nampaka. Lakini nilipomtazama nikahisi hilo nalo analijua. Au pengine ni uoga wangu umerudi, maana kwa siku moja niliutumia ujasiri wote niliokuwa nao. Sitaki kumficha kama tulivyoficha kila kitu. Nitamwambia akiuliza. Akiuliza, sitatazama sakafu.

Magharibi imepita sasa, naandikia karibu na kibatari, na Mamdogo amelala ameachama, midomo ya bluu. Kabla ya kulala aliniita tena. Alisema uchochoroni hapiti.

"Nipitishwe nyuma kama mwizi, nimeiba nini? Tutapita barabarani, saa watu wakiwa macho. Na utanishika mkono, miguu yangu siiamini."

Nikasema ndiyo, Mamdogo.

Kwa hiyo kesho tutapita mbele ya baraza la Mama Salma, na bombani, na kwa muuza mkaa, na vijana wa kituoni wanaomjua kila mtu kwa jina la utani. Watamtazama mdomo wake, kisha watanitazama mimi. Mimi ambaye nikipita hapo hata nikiwa peke yangu nahesabu vidole vya miguu yangu.

Miguu itafika hospitali, hilo sina shaka. Uso ndio sijui nitauweka wapi.